Mbwa mtundu na mtoto mchanga ndani ya nyumba moja: mwongozo kamili, kuanzia ujauzito hadi mtoto anapotambaa

Kosa ni lile lile, nyumba baada ya nyumba. Mbwa wa miezi minane, mwenye nguvu na utundu wake wote, anakaa varandani, anaingia sebuleni apendavyo na kumfuata mama mpaka jikoni. Mama anakwenda kujifungua. Siku anayorudi na mtoto, mbwa anafungwa mnyororo nyuma ya nyumba. Hatembezwi tena, hashikwi, na akisogea anafukuzwa kwa fagio.

Baada ya wiki mbili anabweka usiku kucha, anazichana nepi kwenye kamba ya kuanikia, na siku akifunguka anamrukia mama aliyebeba mtoto. Familia inasema mbwa ana wivu, na mbwa anatolewa.

Mbwa huyo hana kijicho na mtoto. Amepoteza kila alichokizoea kwa siku moja, na kitu pekee kipya anachokiona hapo nyumbani ni mtoto. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na jambo hilo: mabadiliko yanayomhusu mbwa yaanze wiki nyingi kabla ya mtoto, na mtoto akishafika, kuwepo kwake kumletee mbwa mema.

Fuata mpangilio huu kama ulivyo. Wanaorukia hatua ya saba bila kupita ya tatu ndio wanaorudi kuniambia haikufanya kazi.

## Vitu vya kuandaa

- Kadi ya chanjo ya mbwa. Kama haijulikani iko wapi, hesabu kwamba hajachanjwa.
- Dawa ya minyoo, na dawa ya kupe na viroboto, kwa kipimo cha uzito wake.
- Mkanda wa shingoni na kamba ya mita moja na nusu hadi mbili. Mnyororo mzito haufai, unamfundisha kuvuta.
- Kageti ka mlangoni. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea. Kawe na kimo cha sentimita 90, nondo zisimame wima, na nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 6. Nondo za kulala zinageuka ngazi mtoto akianza kusimama.
- Mkeka wa mbwa: gunia safi lililokunjwa, au kipande cha zulia kuukuu. Uwe wake peke yake.
- Kitu kitamu cha kumzawadia. Dagaa wakavu wasiotiwa chumvi wanafaa sana, ila waoshe mchanga kwanza na wakate vipande. Maini yaliyochemshwa na kukatwa saizi ya punje ya hindi yanafaa pia.
- Vitu halali vya kutafuna: mpira mgumu usioweza kumezwa, kamba nene ya pamba yenye mafundo, karoti nzima. Mifupa iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vyenye ncha na kumtoboa utumbo.
- Ndoo yenye mfuniko unaobana, kwa ajili ya nepi zilizotumika.
- Mwanasesere, au kanga mbili zilizoviringishwa na kufungwa kama mtoto.

## Hatua ya 1: Daktari wa mifugo, mimba ikiwa na miezi mitano

Nenda mapema, kwa sababu mbwa mwenye upele au viroboto hatulii, na usiyemwamini kwa afya hutamkaribisha karibu na mtoto.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Hili halina mjadala: karibu wagonjwa wote wa kichaa duniani, asilimia 99, huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Minyoo: mbwa aliyepita miezi sita apewe dawa kila baada ya miezi mitatu. Mayai ya minyoo ya duara ya mbwa yanayotoka na kinyesi huhitaji takriban wiki mbili hadi nne ardhini ndipo yaweze kumwambukiza mtu. Kwa hiyo anayeokota kinyesi uani kila siku anaukata mzunguko kabla haujakamilika. Panga sasa ni nani mwenye kazi hiyo, asiwe mama mjamzito.

## Hatua ya 2: Badilisha maisha ya mbwa sasa, miezi miwili kabla

Kaeni chini muulizane: mtoto akiwepo, mbwa huyu atalala wapi, atalishwa na nani, haruhusiwi kuingia chumba gani? Majibu hayo yaanze kutumika kesho asubuhi.

Kama mama ndiye anayemlisha na kumtembeza, kazi hiyo ihamie kwa baba, kwa dada wa kazi au kwa kijana mkubwa wa nyumbani. Ihamie polepole, siku chache kwa juma, kisha zote. Kama atalala varandani, alazwe huko sasa, na mkeka wake, na kitu cha kutafuna. Kageti kafungwe kwenye mlango wa chumba cha mtoto, ili mbwa azoee kukaa nje yake akiona watu ndani na asijisikie ametupwa.

Saa za chakula nazo zivurugwe kidogo. Leo saa moja, kesho saa moja na nusu, keshokutwa saa mbili. Mtoto mchanga haheshimu ratiba, na mbwa aliyezoea kula saa ile ile atapiga kelele siku ya kwanza ukichelewa.

Utajua imefaulu mbwa akilala nyuma ya kageti bila kulia kwa nusu saa huku wewe ukiendelea na shughuli chumbani.

## Hatua ya 3: Neno "Mkekani!"

Ukikosa muda wa mengine yote, fanya hili. Mama anayenyonyesha hana mikono miwili ya kupigana na mbwa. Anahitaji neno moja linalompeleka mbwa mahali pake na kumwacha hapo.

Anza sebuleni kukiwa kimya, kabla mbwa hajala.

Tandika mkeka. Tupa kipande cha dagaa katikati yake. Mbwa akikanyaga mkeka kukifuata, tupa kingine. Akitoka, usiseme neno. Akirudi mwenyewe, zawadi. Siku ya kwanza fanya hivyo tu, dakika tano asubuhi, tano mchana, tano jioni.

Siku ya pili au ya tatu atakuwa anaukimbilia mkeka akiuona tu. Hapo ndipo unapoingiza neno. Sema "Mkekani!" mara moja, kwa sauti ya kawaida, sekunde moja kabla hajaelekea. Ukilitaja neno kabla hajajua kitendo, analisikia kama kelele.

Kisha subiri alale chini. Usimsukume mgongo. Mbwa anayesubiri chakula hulala mwenyewe baada ya muda. Akilala, mpe vipande vitatu, kimoja kimoja, kati ya miguu yake ya mbele. Kumbuka kumlipa akiwa palepale mkekani. Wengi humwita aje kuchukua zawadi, na hapo wamemlipa kwa kuondoka.

Sasa ongeza muda: sekunde tatu, kumi, thelathini, dakika moja. Halafu ongeza umbali: rudi hatua moja nyuma, mbili, nenda mpaka mlangoni urudi. Halafu vurugu: angusha mfuniko wa sufuria, mtu apige hodi, mtu apite na kanga zilizoviringishwa kifuani akiimba bembea. Ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akishindwa mara mbili mfululizo, umekwenda mbio. Rudi nyuma hatua moja.

Kuna neno la kumwachia pia, mfano "Haya!" Bila hilo, mbwa hujiamulia mwenyewe zoezi limekwisha lini.

Onyo: usitumie mkeka kama adhabu. Ukimfokea "Mkekani!" kwa sababu amemwaga maji, wiki mbili za kazi zinapotea. Na usimpige. Mbwa anayepigwa mtoto akiwepo hujifunza kwamba mtoto akiwepo kuna maumivu.

Utajua imefaulu mtu akipiga hodi, ukasema neno mara moja, mbwa akaenda na kubaki hapo dakika tano nzima huku unamkaribisha mgeni. Kwa mbwa mdogo mtundu, hesabu wiki tatu hadi tano.

## Hatua ya 4: Miguu minne chini, na "Achia"

Mbwa anarukia watu kwa sababu kurukia kunalipa: anaguswa, anasemeshwa, hata akifukuzwa ni mchezo. Akiruka, mgeuzie mgongo, funga mikono, nyamaza. Miguu yote minne ikigusa chini, geuka, mpe zawadi chini kabisa, usawa wa kifua chake. Lazima wote mfanye hivyo. Mjomba mmoja anayependa kurukiwa anatosha kuharibu kazi ya nyumba nzima.

"Achia" ni biashara ya kubadilishana. Mpe kamba ya kutafuna, msogezee dagaa puani, akifungua mdomo sema "Achia", mpe dagaa, kisha umrudishie kamba yake. Akijua kwamba kuachia hakumpotezei kitu, ataachia hata kanga ya mtoto.

Sisi tulikosea hapa. Tomi wetu, akiwa na miezi tisa, aliiba soksi ya mtoto na tukamkimbiza uani, watu watatu. Kwake ulikuwa mchezo mzuri kuliko yote. Mara ya pili, kwa kuogopa kunyang'anywa, aliimeza. Alitapika siku mbili, na tulimpeleka kwa daktari tukihofia imeziba utumbo. Chuchu za chupa, soksi na nepi za kutupa zina hatari hiyo hiyo. Nepi zaidi, kwa sababu ule unga wake wa ndani hunywa maji na kufura tumboni. Usimkimbize. Chukua dagaa, tembea kwenda upande mwingine, mwite.

## Hatua ya 5: Sauti, harufu na vyombo

Tafuta sauti ya mtoto mchanga akilia, uicheze kwenye simu kwa sauti ya chini sana huku mbwa akila. Dakika mbili zinatosha. Siku hadi siku pandisha kidogo. Akiacha kula na kusimamisha masikio, umepandisha mno.

Kitanda cha mtoto, chandarua chake na beseni la kuogea vitolewe mapema, avinuse akiwa amefungwa kamba, aviache. Mwanasesere mbebe kama mtoto, kaa naye kama unanyonyesha, mtume mbwa mkekani. Mbwa anajua kuwa si mtu. Anayefanya mazoezi hasa ni wewe, ujue namna ya kutoa amri na kutupa dagaa kwa mkono mmoja.

## Hatua ya 6: Siku za kujifungua

Uchungu unaweza kuanza usiku wa manane. Awepo mtu aliyeambiwa kabla, anayejua chakula cha mbwa kiko wapi na mwenye namba ya daktari wa mifugo.

Mtoto akishazaliwa, mtu anayerudi nyumbani alete kanga aliyofunikwa. Mbwa ainuse kwa mbali, apewe dagaa, kanga iondolewe. Kitendo hiki hakifanyi miujiza, lakini kinapunguza ugeni.

Familia zinazozika kondo la nyuma nyumbani zichimbe shimo refu, ziweke mawe mazito juu kabla ya kumalizia udongo. Mbwa mdogo atalifukua shimo fupi siku hiyo hiyo, na huzuni yake kwa bibi na mama haielezeki.

## Hatua ya 7: Siku ya kuingia nyumbani

Kabla gari halijafika, mbwa atembezwe mpaka achoke, saa nzima ikiwezekana.

Mama aingie kwanza, mikono mitupu. Mbwa hajamwona kwa siku kadhaa, atalia na kuzungukazunguka. Amalizie furaha yake kwa mama peke yake. Mtoto abaki na bibi kwenye gari au kwa jirani. Dakika kumi zinatosha.

Halafu mtoto aingie moja kwa moja chumbani na kageti kafungwe. Hakuna haraka ya kutambulishana. Ngojeni wageni waondoke na nyumba itulie, hata ikiwa ni kesho yake.

Wakati ukifika, muwe watu wazima wawili. Mmoja amekaa kitini na mtoto, mwingine ameshika kamba ikiwa imelegea, kwa sababu kamba iliyokazwa humwambia mbwa kuna hatari. Anzeni umbali wa mita tatu, mbwa mkekani, dagaa wanatolewa. Akitulia, sogeeni. Akitaka kunusa, anuse miguu ya mtoto iliyofunikwa, sekunde tatu, kisha aitwe na kulipwa. Asifikie uso wala mikono. Asipotaka kusogea, aachwe. Mtoto hawekwi chini wala hashushwi kuelekea kwa mbwa, hata kwa ajili ya picha.

Mbwa mwenye wasiwasi husema mapema, ila husema kwa mwili: anajilamba pua bila chakula, anapiga miayo bila usingizi, anageuza kichwa huku macho yamebaki kwa mtoto na weupe wake unaonekana, anabana mkia, anakakamaa. Ukiona moja, ongeza umbali. Akinguruma, usimwadhibu, mwondoe kwa upole. Mngurumo ni onyo, na mbwa aliyekatazwa kuonya huuma bila kuonya.

Utajua imefaulu akinusa, akapiga chafya, akageuka na kwenda kulala. Unatafuta mbwa aliyepoteza hamu, wala si mbwa anayemganda mtoto kwa mapenzi.

## Hatua ya 8: Siku arobaini za kwanza

Wageni watakuja na uji, supu na vifijo, na geti litakuwa wazi muda wote. Mbwa akae upande wake na kitu cha kutafuna. Wako wageni ambao kwa dini yao mate ya mbwa ni najisi. Watengee mahali pa kukaa na kuswali ambapo mbwa hafiki, uwaambie hivyo wakiwa bado mlangoni.

Sheria ya kila siku ni hii: mbwa na mtoto wakiwa chumba kimoja, kuna mtu mzima aliye macho, karibu kiasi cha kunyoosha mkono. La sivyo, mlango au kageti kawatenganishe. Mama aliyesinzia akinyonyesha hahesabiki. Kaka wa miaka minane hahesabiki. Anayetazama simu hahesabiki. Dakika mbili za kwenda kuzima jiko zinatosha kwa jambo baya, hata kwa mbwa mpole aliyetaka tu kukanyaga achungulie.

Kitovu cha mtoto huanguka kati ya siku 5 na 15. Mbwa asikisogelee kabisa, wala asimlambe mtoto mdomo, macho au vidole. Nguo na nepi za kitambaa zilizoanikwa nje zipigwe pasi hata mishononi, kwa maana yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake huingia kwenye ngozi, ya mtoto na ya mbwa pia.

Sasa jambo ambalo karibu kila nyumba hulifanya kinyume. Mtoto akilala, watu humkumbuka mbwa, wanamchezesha. Mtoto akiamka, mbwa anafukuzwa. Mbwa anajifunza hesabu rahisi: mtoto akiwepo, mimi sina thamani. Geuza. Mama akikaa kunyonyesha, mbwa aende mkekani na dagaa wamfikie kimoja kimoja. Mtoto akilala, mbwa asishughulikiwe sana. Na kila asubuhi, saa kumi na mbili kabla jua halijachoma, mtu amtembeze nusu saa. Utundu mwingi unaolalamikiwa ni nguvu iliyokosa pa kwenda.

### Akiuma au akikwaruza

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo. Usipake mafuta ya taa, majivu wala tumbaku. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kadi ya mbwa mkononi. Kadi hiyo haichukui nafasi ya daktari wa binadamu. Mbwa msimuue. Afungiwe mahali salama na aangaliwe siku 10 kwa kumhusisha daktari wa mifugo, kwa sababu hali yake ndani ya siku hizo ndiyo inayoonyesha kama alikuwa na kichaa.

### Mbwa asiyefaa

Kuna mbwa anayemkazia mtoto macho huku amekakamaa, au anayemvizia akilia kama anavyovizia kuku. Huyo hafundishwi kwa dagaa sebuleni. Watenganishe kabisa leo, mtafute daktari, na kama itabidi, mtafutie nyumba isiyo na watoto, ukiwaambia wanaompokea ukweli wote. Kumtupa njiani au kwenye dampo ni kumpeleka kwenye mateso, na kuwapelekea watoto wa wengine hatari uliyoikimbia.

## Hatua ya 9: Mtoto anapoanza kutambaa

Watu wengi hulegea hapa, mwezi wa saba au wa nane, kwa sababu mpaka sasa mambo yamekwenda vizuri. Lakini mpaka sasa ni mbwa aliyekuwa akimfuata mtoto. Kuanzia leo mtoto ndiye anayemfuata mbwa, kwa magoti na kwa kasi, akitaka kuvuta masikio na kutia mkono kwenye bakuli.

Bakuli la chakula lihamie nyuma ya kageti na liondolewe akimaliza. Mkeka wa mbwa usogezwe pembeni ambapo mtoto hafiki, na mbwa awe na njia ya kuondoka: kona yenye mlango mmoja ni mtego. Akiondoka mwenyewe mtoto anapomkaribia, msifu, mlipe, amechagua vema. Anapolala, hakuna anayemgusa.

Mshike mtoto mkono ukiwa wazi, uupitishe mgongoni mwa mbwa mara moja au mbili, ukisema "polepole", kisha mwondoe mtoto. Mazoezi yawe mafupi, mbwa akiwa amechoka na ameshiba.

Na wakati wa kula, mtoto akiwa kwenye kiti chake anaangusha matonge ya ugali sakafuni kila baada ya kijiko, mbwa awe mkekani. Mtoto akishateremshwa na kufutwa mikono na kupelekwa chumbani, ndipo useme "Haya!" Atakuja kufagia chini ya kiti, peke yake.